Nguzo ya Abdiel

Jumanne, 1 Aprili 2025

Aika kasema! Sendofu yake, ya kuagwa kabla ya harusi, anaitaka hapa hapa nyumbani, siyo ukumbini. Wageni watakaa gereji, mvua inyeshe itakavyo. Nimefurahi mpaka nikaunguza ndizi za machalari. Ila ile nguzo — katikati kabisa! Binti yangu hataonekana. Na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, itapitaje, watu wakiiingiza kwa kucheza? Nikamwambia mume wangu nguzo itolewe. Abdiel akaruka. Eti kaijenga kwa mkono wake, na chumba chetu cha kulala kiko juu. Ikitoka, sote tutaamkia gereji.

Ijumaa, 4 Aprili

Injinia Agnela kaja. Kapima, kagonga kuta. Inawezekana! Boriti iliyo juu ya nguzo itabanwa na vyuma, kila upande kimoja, vifungwe kwa bolti. Mzigo utabebwa na nguzo mpya za zege huko ukutani. Abdiel akamuuliza: mwanangu, wewe mwenyewe ungelala juu yake? Agnela akacheka — hata mchana, baba, nipe mto tu.

Mzee kanuna. Eti boriti ikitikisika kidogo tu, shughuli inahamia ukumbini. Maskini Aika.

Jumatano, 9 Aprili

Nilitaka kutoa nguzo moja, nimepata msitu wa mirunda! Yote inashikilia dari mpaka zege likomae. Kufuata mkaa napita ubavu ubavu. Abdiel kahamia sebuleni kulala. Kitanda chote changu. Raha!

Jumatano, 23 Aprili

Imetoka! Nguzo, mirunda, vyote. Gereji peupe! Nimepiga kigelegele peke yangu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Abdiel kakaa mlangoni anaikodolea boriti, haamini. Sendofu Jumamosi, na bado anazungumzia ukumbi. Nimekasirika kweli.

Alhamisi, 24 Aprili

Akina mama wa jumuiya wamekuja kufanya mazoezi ya kuingiza ndafu. Nikawapandisha chumbani kwetu! Kitanda kando, viatu nje. Mama Elinipa mbele, sinia kichwani badala ya ndafu. Abdiel chini gereji, kapanda kiti, kiganja kwenye boriti. Ikiyumba atapiga kelele.

Tukaimba. Tukaruka mpaka jasho! Wimbo wa tatu, kelele kweli — Abdiel anaita kwa hasira: nyimbo nazisikia, kucheza mtaanza saa ngapi?

Tumekufa kwa kicheko. Nimekaa pembeni napumua, naandika haraka. Wenzangu bado wanaruka. Kuna mtu anapanda ngazi.

Huyo mlangoni. Mto wake kwapani —