Bustani Yangu Isiyo na Visiki

Mama mkwe wangu mpendwa,

Kuku wa ukoo wa yule wako mwekundu ameatamia tena nyuma ya nyumba, mayai kumi, nami leo nimecheka peke yangu mpaka majirani wakachungulia. Nikasema lazima nikuandikie, hata kama huko uliko hakuna posta.

Unakumbuka nilivyofika hapa Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi? Treni ilinitoa Kasai na masanduku mawili na mdomo mkubwa. Mume wangu, ambaye kule mgodini aliitwa citoyen, yaani raia, Kabeya, kwa kuwa serikali ilipiga marufuku majina ya Kizungu, na wewe nyumbani ukaendelea kumwita Zozefu, alinipeleka moja kwa moja mbele yako. Ulinitazama, ukanipa kuku na mayai yake, mbegu za lengalenga, ule mchicha wa huku, zilizofungwa katika kitambaa, na sheria yako. "Mu hii nyumba moto iko moya, yangu. Kuku yako itotoe, majani yako iote, njo utapata mbabula yako." Mbabula, lile jiko la makaa ambalo marehemu mume wako alilitengeneza kwa bati la pipa, lilikuwa limetundikwa ukutani. Nililitamani kuliko nguo. Mke asiye na moto wake ni mgeni tu, na mimi sikuja Kolwezi kuwa mgeni.

Kuku alinipa raha. Ulinifundisha kuyatia mayai kwenye maji ya uvuguvugu siku za mwisho: lenye uhai hucheza, lililokufa hutulia, ingawa kwa nje yote ni sawa. Bustanini ndipo nilipojifanya fundi. Wanawake wa mtaa walikuwa wanang'oa visiki mpaka viganja vinapasuka, nami nikaona, upande wa Mutoshi, uwanja mzima usio na mti wala mzizi, una vijiua vya buluu tu. Nikakuambia kwa majivuno, "Mama, bantu ba huku banapenda kuteseka!" Wewe ukajibu, "Eh, mwana, lima." Ukaendelea kumenya mihogo.

Lengalenga zilichipuka, zikawa za njano, zikalala. Nikamwagilia, zikalala zaidi. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wangu hakunionya, aliniacha nivunjike.

Zozefu akanionea huruma. "Enda ku soko, ununue majani, umuletee. Atajua wapi?" Nilikwenda, Mama. Hilo sikuwahi kukuambia. Nilishika fungu zuri mkononi, na hapo hapo nikayakumbuka yale mayai kwenye maji. Mwanamke anayelijua yai bovu bila kulivunja angenijua na mimi. Na hata kama usingejua, ningepika nini kwenye moto nilioupata kwa uongo? Nikalirudisha fungu la watu. Nikaenda kung'oa lengalenga zangu zilizokufa, nikazijaza kwenye karai, nikazileta hadi miguuni pako, majirani wakitazama.

"Mama, mi nilikosa."

Ulicheka mpaka kitambaa kikakuanguka kichwani. "Miti yote inakimbia ile nafasi, weye njo unaikimbilia! Ile udongo ni shaba, mwana. Shaba haitaki majani." Kisha ukainuka, ukaishusha mbabula ukutani. Nikakukumbusha kwamba kuku bado hajatotoa, na majani ndiyo hayo maiti kwenye karai.

"Minajua. Ule muke anaweza kuleta makosa yake mbele ya bantu, anaweza kuchunga moto."

Nililia, Mama, watu wote wakiona, na wala sijutii.

Wiki ile ile vifaranga wanane walitoka. Ukanionyesha kile kichuguu nyuma ya nyumba: udongo wake kwa lengalenga, mchwa wake kwa vifaranga. Tangu hapo sijanunua majani sokoni hata mara moja, na nikisema hivi sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Umeniachia pengo kubwa, lakini hukuniacha mikono mitupu.

Sasa sikia kilichonichekesha. Mjukuu wako ameoa. Mke wake, binti wa Kamina, ana mdomo kama ule niliokuja nao mimi. Nimempa kuku, mayai, mbegu na ile sheria yako. Leo asubuhi amerudi kutembea, uso unang'aa. "Mama, nimepata nafasi ya muzuri upande wa Mutoshi. Haina ata muti moya!"

Ulimi uliniwasha. Uchungu wa zile lengalenga naujua, na huyu binti nimeshampenda. Siku zote nilidhani wewe ulinyamaza kwa sababu hukunijali. Leo, nikiwa nimesimama pale uliposimama, ndipo nimejua jinsi kunyamaza kulivyokugharimu.

"Eh, mwana," nikamjibu, "lima."

Mbabula yako nimeisugua, nimeitundika mahali pake ukutani. Na karai nimeliweka mlangoni, pale atakapoliona siku majani yake yakilala.

Pumzika, Mama. Moto hauzimiki.

Muke ya Zozefu wako