Kiroboto wa Bahari Anatafuta Jina

Jumatatu, 3 Juni

Ni mpya! Nimemaliza vitabu vyote, nimemaliza makala zote, hata ile ya kurasa mia mbili ambayo nadhani iliandikwa ili kulaza watu usingizi. Hayumo! Mdudu wangu hana jina duniani.

Urefu milimita nne. Kajikunja kama kucha iliyokatwa. Ni jamaa ya kamba wa baharini, ila kabanwa mbavu kwa mbavu kama aliyefungiwa mlangoni. Na gando! Gando moja kubwa kuliko kichwa chake. Dume, bila shaka — katika ukoo huu magando makubwa ni ya madume.

Nilimtoa kwenye sponji lililoota juu ya mnyororo wa boya. Mmoja tu. Yumo ndani ya kichupa cha spiriti na nimekifungia kabatini, ufunguo shingoni.

Nimempigia mume wangu simu shuleni anakofundisha kumpa habari. Akauliza kama analiwa.

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe amefika. Ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari anataka kumwona tena baada ya wiki mbili. Kwa hiyo yuko kwetu. Na anaona! Ameona vumbi juu ya friji. Ameona ufa kwenye kikombe. Ameniona mimi — kasema nimenenepa, lakini kichwani tu.

Mezani mume wangu akaropoka kwamba mkewe anakwenda kumpa mnyama jina. Mama mkwe akaweka kijiko chini. Jina lolote? Lolote. La mtu? Hata la mtu.  Akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ana wajukuu tisa na hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake.

Tisa! Mume wangu akatazama sahani. Mimi nikamtazama mume wangu. Wetu ni wawili na wote wa kiume, tuna cha kujitetea. 

"Ila mimi sisemi kitu," akasema mama mkwe. Kisha akaomba chumvi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya balaa. Nimempasua. Kila mguu unatolewa kwa sindano, unalazwa juu ya kioo, unachorwa, kila unywele wake. Miguu sita ilikwenda vizuri. Wa saba nikaubana kwa kibano — tik! — ukaruka. Hewani! Umepotea!

Fundi wa maabara akapiga kelele nisisogee. Tukazima feni. Tukafunga madirisha. Tukapiga magoti, yeye na tochi, mimi na kioo cha kukuzia, tukaramba sakafu kwa macho saa nzima na nusu. Tumepata: pini, ganda la karanga, kifungo cha shati lake alichokitafuta tangu mwaka jana. Mguu hakuna.

Nikakaa chini nikataka kulia. Fundi akachuchumaa mbele yangu anifariji, na ndipo nilipouona. Umenasa kwenye sharubu zake, upande wa kushoto.

"Usipumue," nikamwambia.

Hakupumua. Nilipouchomoa alikuwa amegeuka rangi. Kwenye makala yangu ya kumtambulisha mdudu nimeandika: mguu wa saba, umekamilika. Sikuandika umepitia wapi.

Jumapili, 9 Juni

Sikuandika siku mbili, nilikuwa nachora. Mume wangu sasa anamwita mdudu "mume mwenzangu". Asubuhi anauliza mume mwenzake ameamkaje. Mama mkwe hacheki. Anataka kujua tu kama mnyama mwenyewe ni msafi.

Jumatatu, 10 Juni

Mkurugenzi wa taasisi yetu kaniita ofisini. Kwanza akaniuliza habari za nyumbani — dalili mbaya. Kisha akasema Ijumaa kuna wageni wa wizarani, na angependa kuwatangazia mdudu. Kisha akasimama dirishani, akanipa mgongo, akasema kuna watu hupewa barabara yenye jina lao. Wengine hupewa shule. Yeye ametumikia taasisi hii miaka kumi na tisa na hajapewa hata kibaraza.

Nikasema ndiyo, mzee.

Akauliza, eti kwa udadisi tu, kama ni kweli mnyama akipewa jina la mwanamume, jina hilo la Kilatini humalizikia kwa *i*. Nikasema ni kweli. Akasema jina lake lingependeza sana likiwa na *i*. Akalitamka. Akalitamka tena polepole, kama anayeonja supu.

"Na ni dume, siyo?"

"Dume, mzee."

"Lenye gando kubwa?"

"Kubwa mno."

Akatabasamu, akafungua droo, akanionyesha karatasi za mkataba wangu unaoisha mwezi huu.  Akazipanga zikae sawasawa, akafunga droo.

Nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyebeba boya. Mama mkwe amenipasia nguo zote, hata koti la maabara. Hajaligusia jina. Hii ndiyo mbinu yake mpya! Mimi nimekwisha.

Jumatano, 12 Juni

Lazima niandike haya kwa mpangilio, nisije nikaruka hata moja.

Asubuhi Fundi akaenda kukwangua tena mnyororo wa boya. Akarudi na kumi na mmoja, wazima, wanaogelea! Watano wenye gando kubwa, sita wenye magando madogo. Nikamwambia yeye ni malaika.

Mchana mama mkwe akaja kuleta chakula alichodai nimesahau. Sikusahau mimi. Nilikiacha tu kwa haraka ya kuchelewa — lakini yeye alikuwa anatafuta sababu tangu Jumanne ile. Akataka kumwona. Nikamweka mmoja mwenye gando kubwa kwenye kisahani cha maji, nikamkalisha mama kwenye hadubini, nikamfundisha kuzungusha kile kirungu cha pembeni.

Niseme hapa: mama mkwe alikuwa mkunga miaka thelathini na nane.

Akatazama. Akasema miguu yote hiyo na hana pa kwenda. Akatazama tena. Kisha mkono wake ukasimama kwenye kirungu, mimi na Fundi tukaacha tulichokuwa tunafanya.

"Mwanangu, huyu ulisema ni mume?"

"Ndiyo, mama. Dume."

"Basi dume lako lina uchungu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaondoa saa mkononi, akaiweka mezani, akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko.

Nikainama kwenye hadubini. Katikati ya miguu, chini ya tumbo, kuna kifuko. Na ndani ya kifuko kuna macho! Macho madogo mekundu, jozi kwa jozi. Na mmoja akatoka. Mzima, miguu yote, kajikunja kama mama yake. Akasimama kidogo, akaogelea.

"Nipishe!" mama mkwe akanisukuma. Akachukua kiti. "Mmoja... wawili... haya, mama, pole, pole, usiharakishe... watatu..."

Anamtia moyo mdudu! Fundi akaanza kuandika muda wa kila mmoja. Wamezaliwa kumi na wanne, mama na watoto salama. Mama mkwe akauliza maji ya moto yako wapi, kisha akajikumbuka.

Nimeangalia wengine wanne wenye gando kubwa. Wote wana kifuko. Wenye magando madogo ndio madume. Wangu wa kwanza pia ni jike! Kile kifuko kilikuwa kitupu, kimesinyaa kwa spiriti, na vibamba vyake mimi nimeviandika "matamvua" ya kupumulia. Nimeviandika! Na kuvichora! Kwenye kurasa kumi na mbili neno "dume" limo mara thelathini na moja.

Naona aibu. Naona furaha vilevile — katika ukoo mzima simjui jike mwingine mwenye gando kama hilo. Hii ni habari kubwa kuliko ile ya kwanza.

Njiani mama mkwe alinishika mkono kuvuka barabara. Akasema kazi yangu sasa ameielewa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefuta "dume" mara thelathini na moja. Nimeandika shukrani kwa mkunga mstaafu.

Nimekwenda kwa Mkurugenzi mara tatu. Mara ya kwanza yuko kwenye simu. Mara ya pili anapimwa suti. Mara ya tatu nikasema, mzee, kuna jambo kuhusu jinsia — akainua kiganja. Mambo madogo baada ya hotuba, Daktari.

Saa kumi alasiri nikaketi mbele ya kompyuta. Pengo moja limebaki: jina. Nikaandika la kwanza, lenye *i*. Nikaifikiria droo ile. Nikafikiria wajukuu tisa. Nikafikiria mikono ya gauni iliyokunjwa mpaka kwenye viwiko, kwa ajili ya kiumbe cha milimita nne.

Nikafuta. Nikaandika la pili. La mwanamke humalizikia kwa *ae*.

Nikatuma.

Sijamwambia mtu. Hata mume wangu. Hata mwenye jina.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika ukumbini, daftari mapajani, watu wanadhani nanukuu hotuba.

Kwenye ukuta wa mbele kuna picha ya mdudu wangu, kubwa kama kitanda. Wageni safu ya kwanza. Mama mkwe pia safu ya kwanza! Fundi ndiye aliyemleta, kasema anastahili. Kavaa gauni la kijani na viatu vya kubana. Mume wangu kaomba ruhusa shuleni, yuko kando yangu, anauliza mbona natoka jasho.

Mkurugenzi anasema taasisi imepata heshima. Anasema mdudu huyu atabeba jina la — kalitaja lake! Na *i* yake! Makofi. Mama mkwe kageuka kunitazama. Macho yote mawili. Mimi nimetazama kalamu.

Anaendelea. Anasema hili ni dume hodari. Dume linalolinda nyumba yake kwa gando. Dume, mabibi na mabwana, ambalo kwa unyenyekevu linamkumbusha yeye mwenyewe.

Mama mkwe kainua mkono.

Si kwa ajili ya jina. Naujua uso ule, ni uso wa kazini. Anamwashiria Fundi kwa kidole, na Fundi — Mungu wangu — ana kile kisahani cha maji. Amekuja nacho! Kimefunikwa kwa kitambaa.

Mkurugenzi anatabasamu. "Karibu, mama yetu. Swali?"

"Si swali," anasema mama mkwe, na anasimama, anaondoa saa mkononi. "Dume lako lina uchungu."