Hukuhitaji Kiti

Baba,

Majani chai yanaendelea vizuri, na yule ng'ombe wako mkorofi bado anapiga ndoo teke. Lakini leo nakuandikia kukiri kosa.

Unakumbuka nikiwa darasa la sita, nilivyorudi nyumbani nimenuna? Katika kitabu cha historia makabila mengine yalikuwa na wafalme na himaya, sisi Wakipsigis hatukuwa na hata mfalme mmoja. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mfalme wa nini? Nani angemlimia?" Nilikuonea aibu, Baba. Nisamehe.

Ulipotuacha, watu wa kokwet, hawa majirani wetu wa kilimani, waliniita kutoka Roret ninakofundisha, niendeshe kikao ulichokuwa ukikiendesha ukiwa umekaa nyasini. Wakaninunulia na kiti, nami nikakikalia! Tulitaka njia mpya ya kupeleka majani kituoni. Nilifungua kikao kwa kutangaza itakapopita. Wote wakasema sawa, mwalimu. Jumamosi ya kuchimba nilifika na jembe langu. Nilikuwa peke yangu, Baba. Nililia pale pale kwenye matope.

Ndipo nikakukumbuka. Uliacha kila mtu aseme, hata wale wa kurudia rudia, wewe ukichonga kijiti chako. Wakidhani yamekwisha, unasema, "Bado kuna mtu hajasema." Mmoja akikataa, mnarudi kesho. Hukuwa na askari wala muhuri, na sijasikia mtu akikaidi mlichokubaliana. Subira ile uliitoa wapi?

Wiki iliyopita nilikaa nyasini. Nilinyamaza mpaka nikachoka kunyamaza, kisha nikasema maneno yako. Mama Chebet, yule mjane wa bondeni, akasimama polepole. "Njia yenu inapita juu ya kaburi la mtoto wangu."

Wote walijua isipokuwa mimi. Walikuwa wamemheshimu mwalimu, wakanyamaza. Tuliisogeza njia, na Jumamosi walikuja wote, hata jirani zetu waliohamia huku kutoka upande wa ziwa. Mama Chebet alituletea mursik, maziwa yale uliyoyapenda.

Siku hizi wanafunzi wakiniuliza kama watu wanaweza kuishi bila mfalme, nawaambia wanaweza, nimelelewa na mmoja wao.

Kiti nimempa Mama Chebet, anakikalia akikamua. Pumzika, Baba. Nakuahidi nitakuwa wa mwisho kusema, na sitasema kabla sijauliza nani bado.

Binti yako, asiyekuonea aibu tena,
Chepkoech