Kwa Kaka Belarmino, Ambaye Ini Lake Halikuachwa Kwenye Barafu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, kaka Belarmino. Nakiri hapa gazetini bonde zima lisome, maana ungekuwepo ungewatangazia mwenyewe.

Mwaka umetimia tangu uanguke jikoni mwa mgahawa wako mwiko ukiwa mkononi, mshipa wa kichwa umepasuka. Wachimba makaa ya mawe wa hapa uliwalisha miaka thelathini: maharage yenye soseji na mafuta ya nguruwe, na mvinyo wa tufaha ulioumimina glasini chupa ikiwa juu ya kichwa. Ulionja kila sufuria, nyingine hata kabla haijaiva. Tumbo lilitangulia mlangoni, wewe ukafuata. Mwenye shida alikula kwanza, habari aliulizwa baadaye.

Hospitali walipotuambia ubongo umekufa, Daktari Rosaura alikaa nasi akaomba viungo vyako. Figo, sawa. Aliposema ini, nikacheka kwa uchungu.

"La kaka yangu? Daktari, hilo lilishakaangwa zamani!"

"Lina mafuta, tumeliona kwenye picha," akasema. "Ini la namna hiyo likilazwa kwenye barafu huumia, na damu ikirudi ndani yake huumia zaidi. Zamani tungeliacha. Sasa tunaliweka kwenye mashine inayolipitishia damu yenye joto la mwili, tunaliangalia saa kadhaa. Likifanya kazi, yupo mgonjwa ambaye hana siku nyingi za kusubiri."

"Na lisipofanya?"

"Halitapandikizwa."

Nikakataa. Sikutaka upasuliwe, wageni walitazame ini lako la manjano, kisha walitupe. Nilidhani nakukinga na aibu.

"Belarmino na aibu walijuana lini?" akauliza dada yetu Oliva. Nikazidi kukaza shingo, mpaka mkeo alipofungua mdomo.

Lilikaa kwenye mashine saa tisa nzima. Kisha daktari akapiga simu: limetoa nyongo, yaani linafanya kazi, na limepandikizwa. Jina la aliyepewa hatuambiwi, ndiyo sheria. Juzi tuliuliza tena, tukajibiwa kwamba mgonjwa yu hai na anakula vizuri. Angekulaje vibaya na ini lile?

Jikoni sasa yupo binti yenu Covadonga. Chumvi anazidisha kama wewe, na akiambiwa hununa kama wewe. Tunaokukumbuka ni yeye, mkeo Etelvina, Oliva, na mimi mdogo wako Celestino. Haipiti siku bila jina lako kutajwa mezani, na haitapita tukiwa hai.

Etelvina ameisoma karatasi hii, anasema nimeyaruka maneno yake makusudi. Basi haya hapa, kama alivyoyasema siku ile mbele ya daktari:

"Shemeji, miaka thelathini umekula kwa Belarmino, hajakurudisha mlangoni hata siku moja. Leo mtu mmoja tu ana njaa, na wewe ndiye unayefunga jiko?"