Hina ya Nusaiba

Manzese
Alhamisi, 23 Aprili 1998

Dada yangu Raudha,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sie huku tunapumua, ila mvua zimetuingilia hadi uvunguni. Tangu barabara ya kusini ikatike ukashindwa kufika kwenye harusi ya mwanao Nusaiba, sina raha. Barua hii anakuletea Albano, anapanda meli leo mchana.

Habari za harusi umeshazipata, lakini za watu. Sasa nisikilize mie. Wakwe wa Nusaiba walikodi ukumbi wenye zile taa za buluu za disko, zinazong'arisha nguo nyeupe. Nikaona hina yangu itapotea humo kama matope, nawe wanijua, kwenye hina sikubali kupitwa. Mpangaji wangu Gregori anaosha vyombo kwenye maabara moja ya kemia. Aliniletea kichupa cha unga wa manjano, akaniambia wataalamu wanatafuta vitu vya kutoa mwanga bila balbu. Eti chembe za unga huo zimeota matawi, tawi linazaa mawili, na kila moja mawili tena, na kwenye taa ya buluu unawaka kijani. Nikauchanganya na hina.

Weh, dada! Nusaiba alipoingia, mikono yake ilikuwa maua ya moto mtupu. Vigelegele ukumbi mzima. Kisha Bi Mauwa, yule jirani yetu mjane, akainua viganja apige makofi, navyo vikawaka. Watu wakasogea mbali naye. Mie nilijua sababu: alimshika bi harusi mikono kumwombea dua, hina haijakauka. Sikusema.

Siku ya tatu mikono ya Nusaiba ikavimba na kutoka malengelenge. Sasa wekundu umepanda hadi kiwikoni, umegawanyika matawi matawi. Daktari aliuliza kapakwa nini, nikajibu hina tu, ya kawaida. Mtaa mzima ukasema Bi Mauwa kamroga, ndipo nawe ukamtuma mganga wako. Kafika juzi. Kasema kesho baada ya swala ya Ijumaa atamnyoa Bi Mauwa mbele ya watu kumtoa uchawi, kisha ahame. Mwenyewe kakubali. Kasema kama nywele zake zitamponya mtoto, wazichukue. Na mikono yake pia imevimba, anaificha ndani ya kanga.

Dada, utasikia kwamba siku ile wanawake walinicheka kwa kupaka hina nimevaa mifuko ya plastiki, ile ya rambo, mikononi. Niliwaambia nakwepa doa. Nilidanganya. Gregori aliniapisha unga ule usiguse mwili wa mtu, maana hata wenyewe hawajui utafanya nini. Nilimsikia vizuri sana. Nikajifunga mifuko, nikampaka mwanao.

Nikimkabidhi Albano barua hii, naenda hospitali na kichupa, na kutoka huko naenda kwa Bi Mauwa. Kama ni kunyolewa, nitanyolewa mie. Naogopa, dada, lakini naogopa zaidi kuuangalia mkono wa Nusaiba.

Nisalimie shemeji na watoto. Dua zako mpe Nusaiba, umpe na Bi Mauwa. Mie usiniombee kwanza, mikono yangu haina hata doa.

Mdogo wako,
Tunu