Miti Niliyoikwangua

Jumatatu, 3 Juni

Mwalimu wa uchoraji amepita saluni kwangu, hapa hapa nyumbani, eti anasalimia. Kumbe anataka kuona picha yangu ya msitu. Imeegemea ukuta, nyuma ya draya. Akaitazama, akajikuna kidevu. Akasema miti yangu yote imesimama mstari mmoja, kama inasubiri kupigwa picha. Mteja wangu akacheka mpaka rola zikamcheza kichwani. Nikanuna. Lakini kasema kweli — ya mbali, ya karibu, yote kijani kile kile.

Kwenye maonyesho imebaki nafasi moja ukutani. Ni mimi au Fundi Saa, mwenzangu wa darasani. Mwalimu ataamua Jumamosi ya wiki ijayo. Naitaka ile nafasi, sifichi.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Nimepaka miti ya mbele juu ya rangi mbichi. Kijani kikaingia kwenye bluu, bluu kwenye kahawia — matope matupu. Mume wangu anashauri niiweke chini ya draya. Nikamwambia rangi ya mafuta si nywele, ukiichoma moto itajikunja tu. Akajibu basi niisuke. Ananichekesha wakati nataka kulia!

Hasira zikanipanda. Nikashika kisu cha rangi, nikakwangua msitu wote, juu mpaka chini. Sasa nimechoka na nina njaa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeenda kuitazama kabla hata ya kunawa uso. Nimeduwaa. Vigogo havijatoka vyote! Zimebaki alama, kijivu chenye bluu kidogo, kingo zimefifia. Ndiyo miti ya mbali niliyoitafuta mwezi mzima! Ukungu huo hapo, na hakuna brashi iliyouchora.

Siigusi mpaka ikauke. Mikono inaniwasha.

Jumapili, 9 Juni

Safu ya pili. Nimepaka vigogo, nikakwangua nusu nusu — safari hii kwa makusudi, si kwa hasira. Kijani kimeonekana, lakini hakipigi kelele.

Jumatano, 12 Juni

Safu ya mbele. Hii sijaikwangua hata kidogo. Kahawia karibu na nyeusi, rangi nene, magome unaweza kuyapapasa. Matawi yanakatiza mbele ya safu ya pili, na safu ya pili mbele ya ukungu. Unaingia, unaendelea kuingia.

Mama mkwe katokea chumbani kwake. Akainama, akapinda shingo kama anachungulia dirishani. Akauliza, huko nyuma kuna nyumba? Hakuna nyumba, mama. Akasema haya, akaendelea kuchungulia.

Mama mkwe wangu, asiyesifu hata harusi yake mwenyewe! Alipoondoka nilicheza peke yangu katikati ya viti vya saluni. Nimeweza. Nimeweza kabisa.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kwenye benchi, nje ya ukumbi. Mwalimu kajifungia ndani na picha zetu mbili. Ya Fundi Saa ni mto, imekauka zamani, safi kama saa anazozitengeneza. Yangu bado mbichi. Tumeibeba kama mtoto mchanga, na bado mume wangu kapata kijani kwenye shati.

Fundi Saa kakaa pembeni yangu. Anasema dada, msitu wako nimeuona, ningekuwa mwalimu nisingehitaji kujifungia. Muungwana huyu. Nimemwambia mto wake mzuri, na ni mzuri kweli. Ila msitu wangu mzuri zaidi. Hapa hanisomi mtu, basi naandika tena: wangu mzuri zaidi. Hata nikirudi nao nyumbani.

Nyundo inagonga ndani. Kimya. Inagonga tena.

Mlango umefunguka nusu. Mwalimu katoa kichwa, hanitazami mimi wala Fundi Saa. Anamwita mume wangu: shemeji, njoo unisaidie kuinua, lakini ushike kwa nyuma, rangi haijakauka.

Fundi Saa kanishika mkono. Mume wangu anainuka, anajifuta viganja kwenye suruali —