Si kwa Sababu ya Mbwa

Nakwamekwi, Lodwar
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Ebenyo,

Ejok. Pokea salamu zangu kwanza, hasira itafuata nyuma, maana mama alitulea tukijua kwamba hata mtu mliyegombana naye unamsalimu kwanza ndipo umuulize. Habari za Eldoret? Baridi ya huko bado inakukamata kifua? Wifi yangu Chepchumba na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Jua ni lile lile, mvua ilipita siku moja ikatuachia mbu. Mama yuko Lokiriama na mbuzi wake. Watu waliokuja mnadani waliniambia goti linamsumbua lakini ulimi ni mzima kabisa. Akaale wangu amerefuka, sketi ya shule imekuwa fupi kabla haijachakaa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu siku ile uliponipigia simu hukuniachia nafasi ya kumaliza hata sentensi moja. Ulisema mume wangu Ejore amekueleza kwamba nimemfukuza nyumbani ili mbwa apate mahali pa kulala. Ulicheka, ukanigombeza, ukaniuliza kama jua limenipanda kichwani, kisha ukakata. Haya, sasa huwezi kunikata. Keti usome mpaka mwisho.

Unaijua pikapu yangu. Ni mzee, rangi imeliwa na jua, mlango wa kushoto hufunguliwa kutoka nje tu. Lakini ndiyo inayotulisha. Nachukua samaki waliokaushwa Kalokol, napita Lodwar, napeleka Kakuma kwa Spéciose. Huyu Spéciose ni mama wa Kikongo anayeuza samaki soko la kambi ya wakimbizi. Tumefanya biashara mpaka tumekuwa ndugu, na mara nyingine huja mwenyewe Lodwar kuchagua mzigo, turudi naye.

Mwanzoni mwa mwaka usukani ulianza ukorofi. Unaukata kulia, gari linafikiria kwanza ndipo liende. Ukilegeza mkono kidogo linavuta kushoto kama ngamia aliyenusa maji. Nikiongeza mwendo, usukani unatetemeka mpaka viganja vinakufa ganzi. Nilimwambia Ejore, naye akasema anamjua fundi mzuri, Levis, mwenye gereji pale barabarani, anayetengeneza magari ya watu wengi wa ofisini kwao. Nikashukuru. Ndiyo, Ebenyo, nilishukuru!

Levis alizunguka gari, akalitikisa gurudumu, halafu akauliza nani huliendesha. Nilipojibu ni mimi, aligeuka akamwambia Ejore, si mimi, kwamba wanawake hushika usukani kama sufuria ya moto. Wakacheka wote wawili. Nilimeza. Akabaki na gari, na aliponirudishia alisema ametoa tairodi iliyokwisha na kutia mpya. Tairodi ni kile chuma kinachoshika gurudumu ili liufuate usukani, kichwani kina kifundo cha mviringo. Kikichoka, gurudumu hutembea kivyake. Kwa safari chache gari lilinyooka. Kisha ugonjwa ukarudi, tena mbaya kuliko mwanzo. Nikamrudia Levis. Safari hii alisema tatizo ni barabara. Barabara ipi? Lami ya kwenda Kakuma, ambayo ukimwaga uji juu yake unaweza kuunywa! Na kila nikirudi nyumbani nikilalamika, Ejore ananiambia kwa sauti ya upole kwamba gari limezeeka, nami sina mwili wa kupigana nalo, niliuze nifungue kibanda cha unga hapa mlangoni. Nikadhani ananihurumia.

Basi siku moja asubuhi tulitoka Lodwar na Spéciose, mzigo umejaa. Tulikuwa tumekaribia Kakuma, tunateremka kuelekea laga moja, mkondo mkavu wa mchanga wenye daraja fupi. Ng'ambo ya daraja, wasichana wawili walikuwa wanavusha mbuzi. Nilikata usukani kidogo ili nishike upande wangu. Ulizunguka mtupu mkononi, Ebenyo. Haukushika kitu. Nilisikia mlio wa chuma chini, gurudumu la kushoto likalala, tukatoka barabarani kabla ya daraja, tukaingia kwenye vichaka vya mathenge. Miba ilipasua kioo cha pembeni na ikanichana shavu. Tulisimama pua ya gari ikichungulia lagani. Samaki walikuwa wamemwagika mpaka kwenye mchanga. Spéciose alikuwa ameshika rozari kwa mikono miwili, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Mama Akaale, miye niko na batoto. Nani atabachunga?" Wale wasichana walikuja mbio, wakatusaidia kuokota samaki mmoja mmoja, hakuna aliyeficha hata kichwa. Hatua chache mbele, tungewapitia wao na mbuzi wao.

Lori lilituvuta mpaka Kakuma, kwa Mabior, Mdinka mwenye ua wa magari karibu na soko. Sitamsifu kupita kiasi. Siku nzima ya kwanza aliipoteza akifungua boksi ya usukani kwa sababu ilikuwa inavuja oili, akaapa ugonjwa uko humo. Baadaye akaagiza spea ya upande usiofaa, akajicheka mwenyewe. Lakini alipotoa ile tairodi iliyokatika akaipangusa, aliacha kucheka. Aliniita nije nione. Haikuwa mpya hata kidogo. Ilikuwa ile ile yangu ya zamani, imepakwa rangi nyeusi, na ndani ya kifundo mtu amekunja kipande cha mkebe wa soda ili kibane kwa muda. Mabior alinyoosha kile kipande cha bati juu ya kiganja chake, akasema, "Mama, hii si kosa. Hii mtu amefanya."

Nilikaa kwa Spéciose mpaka gari lipone. Mabior alifunga tairodi mpya pande zote mbili, akakaza boksi, kisha akavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima kwa rula ya shule mpaka magurudumu yakatazama mahali pamoja. Nilipolijaribu, Ebenyo, niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa nimezoea shida. Unaligusa kwa kidole nalo linakusikia.

Sasa huyo mbwa. Ni jike, rangi ya simsim, sikio moja limechanika. Wenyewe walikuwa familia iliyopata safari ya kwenda ng'ambo. Mabior anasema asubuhi walipopanda basi, mbwa alikimbia nyuma yake mpaka akashindwa, akaja kulala kwenye ua wa magari. Watu wakawa wanampiga mawe kwa sababu tu hana wa kumsemea. Nilipofika na gari linalonuka samaki, alijilaza chini yake na hakutoka. Mabior akifanya kazi, yeye yuko pembeni. Mtu mgeni akisogea, ananguruma. Unanijua, mimi si mtu wa mbwa, kwetu mbwa ni wa kulinda mbuzi. Lakini siku ya kuondoka aliliangalia gari likitoka bila kuinuka, kama kiumbe aliyekwisha kuacha kukimbia nyuma ya magari. Nilisimama nikamfungulia mlango. Alifikiri kidogo, ndipo akapanda.

Nimemwita Simsim. Siku za kwanza hapa nyumbani hakula kitu. Alilala chini ya pikapu, macho langoni. Spéciose alikuwa amenishauri nimtandikie gunia la samaki, apate harufu anayoijua, na nimwambie Akaale asimkimbilie wala kumshika kichwa. Kwa hiyo mtoto alikuwa anakaa karibu naye tu, amempa mgongo, anasoma kitabu chake kwa sauti. Jioni ya tatu au ya nne, Simsim alijivuta polepole akaweka kidevu juu ya mguu wa Akaale. Mtoto hakutikisika, ila sauti ya kusoma ilianza kutetemeka. Tangu hapo anakula. Amekula hata kuku mmoja wa jirani yetu Nanok, nikalipa kwa samaki, sasa amefundishika.

Ejore hakumtaka tangu mwanzo. Alisema mbwa wa kambini analeta upele na aibu. Juu ya ajali, mume wangu alisema pole, kisha hapo hapo akasema, "Si nilikuambia uache?" Nilikuwa bado nadhani mwenye makosa ni Levis peke yake.

Nilienda kwa Levis na ile tairodi iliyokatika nimeifunga kwenye kanga. Niliiweka juu ya meza yake mbele ya wateja, na kile kipande cha mkebe juu yake, nikamwomba awaeleze watu hiyo ni spea ya nchi gani. Alianza kupaza sauti, kwamba wakimbizi wa Kakuma ndio walionibadilishia. Nikamwambia basi twende naye polisi, akaseme hayo huko. Hapo alinishika mkono akanivuta kando, sauti imeshuka. Akasema, "Mama, usinichome bure. Mimi nilifanya nilivyoambiwa na mwenye gari." Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Akaangalia chini. "Bwana yako alisema isitengenezwe sana. Alisema nikutishe kidogo tu, utaacha mwenyewe."

Soma tena maneno hayo, kaka. Isitengenezwe sana.

Ejore alirudi kula chakula cha mchana, akanikuta nimekaa mlangoni. Nilimuuliza mara moja. Nilitarajia akatae, na labda moyo wangu ungemsaidia kukataa. Hakukataa. Alisema wenzake ofisini wanamtania kwamba yeye ni turniboi wa mke wake, wa kumpakilia mizigo tu. Alisema hakujua chuma kitakatika, alidhani usukani utatetemeka tu mpaka nichoke. Alilia, nami sikuguswa, nikajishangaa. Nilimuuliza kuhusu Spéciose na watoto wake. Nilimuuliza kuhusu wale wasichana na mbuzi wao. Nilimuuliza Akaale angelelewa na nani, au alikuwa amekwisha kupanga hilo pia. Kisha nikamwambia achukue nguo zake aende kwa mama yake mpaka wazee wakae. Ndipo akasema neno lile alilokuja kukuuzia wewe, "Unanifukuza mimi, unabaki na mbwa?" Nikamjibu kwamba mbwa hajagusa usukani wangu. Na huo ndio ukweli wote wa habari ya mbwa.

Huo si mwisho wa barua. Mpaka hapa ningeweza kukueleza hata kwa simu.

Ejore alipofika langoni na mfuko wake, aligeuka. Akasema nisimfanye yeye mwovu peke yake. Akasema, "Muulize Ebenyo. Ndiye aliyeniambia Krismasi, tukiwa tumekaa naye. Alisema dada yake Akuwam hashindwi kwa maneno, gari likimtisha ataliacha mwenyewe." Akaondoka.

Nimelala na maneno hayo, nimeendesha nayo. Nimekwenda Kakuma na kurudi tangu siku hiyo, gari limenyooka, na njia nzima nilikuwa nazungumza nawe. Labda ulisema kwa mzaha, jinsi wanaume wanavyosema wakishiba. Labda ulisema jambo jingine, yeye akasikia alilolitaka. Au labda Ejore alitafuta tu mtu wa kumsaidia kubeba mzigo, akamchagua asiyekuwapo. Hayo yote nimeyafikiria kwa niaba yako, kama dada. Lakini nakumbuka pia kwamba uliponipigia simu hukuniuliza kama niliumia. Mtu yeyote aliyesikia habari ya ajali ile ameniuliza, hata wauza makaa. Wewe uliniuliza juu ya mbwa.

Ebenyo, ni wewe uliyenifundisha kuendesha gari, kwenye mchanga wa laga ya Kawalase, nikiwa na mimba ya Akaale, vijana wamejipanga ukingoni wakicheka. Nilipozima gari mara ya kumi ukashuka, ukawaendea, ukawaambia anayecheka aje akae nafasi yangu. Hakuna aliyekuja. Kwa hiyo maneno ya Levis nimeyatema, ya Ejore nitayatapika mbele ya wazee, lakini haya yako yamenikwama kooni, hayapandi wala hayashuki.

Wazee watakaa Jumamosi ijayo hapa Nakwamekwi. Wameniuliza ni nani wa kwetu atakayesimama upande wangu, maana baba hayupo na mkubwa ni wewe. Sijawatajia jina lako, kwa jema wala kwa baya. Nimewaambia nasubiri. Kama hukuyasema maneno yale, panda basi uje uketi kando yangu, nami nitakuomba msamaha mbele ya watu wote. Kama uliyasema, njoo vilevile. Utaketi upande wa Ejore, na utayasema tena, polepole, huku unanitazama usoni.

Usinipigie simu. Nisalimie wifi na uwabusu watoto, wao hawana kosa. Mwambie Chepchumba maziwa ya mursik aliyotuma yalifika salama na tuliyafurahia. Akaale anakuamkia, hajui lolote kati ya haya, bado anajisifu shuleni kwamba ana mjomba Eldoret. Mungu akulinde njiani, hasa pale Kainuk penye majambazi. Panda basi la mchana.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Rael Akuwam